Muziki wa Gari ya Gathii

Kitale,
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Kwako dada yangu Nakhungu, Mama Joan,

Nakusalimu wewe kwanza, mkubwa wangu, halafu namsalimu shemeji Makokha pamoja na mgongo wake, nikitumaini ile dawa ya kupaka imemsaidia na sasa anaweza kuinama kwa miwa bila kushika kiuno kama mama wa mimba ya miezi minane. Msalimie Joan, umwambie nilifurahi sana kusikia amepita mtihani wake wa ushonaji, na rinda langu la kanisa linamngojea. Msalimie mama mkwe wako hapo nyumba ya chini. Najua macho yamemwacha, lakini mwambie ni Namalwa wa Kitale, yule wa kucheka sana, atanikumbuka. Hata yule ng'ombe wenu mweusi wa kupiga watu teke, kama bado hamjamuuza, mpe salamu zangu ukiwa umesimama mbali. Na mwisho wa wote nisalimie Kevin wangu. Sikumweka mwisho kwa kumsahau. Ni kwamba ningeanza na yeye nisingeweza kuendelea na wengine.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Msichana wangu Pauline bado anafundisha watoto wa nasari, na jioni anarudi sauti imeisha kabisa, tunaongea kwa mikono. Mvua imeanza wiki jana. Shamba limelimwa mara ya pili, tunangoja mbegu tu. Mimi nalala kidogo na chakula hakipiti vizuri, lakini si ugonjwa wa kupeleka hospitali. Ukisoma hii barua utajua ni ugonjwa gani.

Utashangaa kupokea barua na simu tunazo. Dada, simu yako unaiwekanga sauti ya juu mpaka nyumba nzima inasikia, na Kevin simu yangu hapokei. Ningemwambia Pauline aniandikie kwa simu, lakini haya maneno hayawezi kupitia kwa mkono wa Pauline. Kwa hivyo nimeandika mwenyewe. Wewe unajua mimi niliachia darasa la tano, basi usiangalie mwandiko, angalia tu ninachosema. Jeruto anayeuza mitumba anakuja soko ya huko kesho, na ameniapia hataiweka hii barua mkononi mwa mtu mwingine ila wewe.

Uliponipigia mwezi jana uliniuliza Kevin ana nini, ati amekuja kusaidia shemeji na miwa lakini hasemi na mtu, na mkiwasha redio anatoka nje. Nilikujibu ati ni uchovu. Nilikudanganya. Wacha sasa nikuambie kutoka mwanzo.

Gathii unamkumbuka, jirani wetu wa ng'ambo ya ua, yule alikupa nusu gunia ya viazi ulipokuja kwa mazishi ya Baba Kevin. Sisi na wao si majirani wa kusalimiana tu. Ule mwaka wa vita vya uchaguzi watu wa kabila lao wakifukuzwa, walijificha ndani ya nyumba yetu siku kumi na moja, na mama yake, Shosho Nyaguthii, alilala kitanda changu mimi nikalala chini. Tangu hapo tulikata ua tukaweka kimlango, na hicho kimlango hakijawahi kufungwa kwa kufuli.

Sasa mwaka jana msichana wake Rosaline alipata mchumba, kijana wa kwetu, wa hapo Bungoma mjini. Harusi ikapangwa Januari, hukohuko kwa akina kijana. Gathii ana Probox yake ya kubebea viazi, na akasema hiyo ndiyo itaongoza msafara kutoka Kitale mpaka Bungoma, na itaongoza na muziki. Lakini redio ilikuwa ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Gathii mwenyewe alisema ukiifungulia ni kama mtu anaimbia ndani ya sufuria iliyofunikwa. Akamwita Kevin.

Unajua Kevin alisomea umeme, na miaka minne yeye na mwenzake Kabiru walikuwa na kibanda chao mjini cha kutengeneza redio za magari. Hiyo kazi ya Gathii aliichukua yeye peke yake, kama zawadi yake kwa Rosaline, akaifanyia hapa kwetu uani siku tatu. Mimi nilikuwa nampelekea chai na nikakaa hapo nikitazama, maana alikuwa ananieleza kila kitu kama mwalimu, na mimi nilifurahi kufundishwa na mtoto wangu. Alitoa viti vyote, akainua kapeti. Kumbe redio ya kiwanda haina mahali pa kuchomeka amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, kwa hivyo akaweka kisanduku kidogo kama kiberiti, kinachukua sauti kutoka kwa waya za spika za nyuma. Wufa mbili kubwa, zile spika za mdundo, akaziweka kwa buti ndani ya sanduku la mbao alilolipigilia mwenyewe. Waya nyekundu, nene kama kidole changu cha mwisho, ikatoka kwa betri ikapita chini ya kapeti, upande wa abiria, mpaka nyuma. Waya nyeusi ikafungwa kwa mwili wa gari, na kabla ya kuifunga akakwaruza rangi mpaka chuma ikang'aa. Gathii alipoona hivyo alishika kichwa, akauliza kama gari imeletwa kutengenezwa ama kuchunwa kama mbuzi. Kevin akamwambia mzee, umeme haupiti kwa rangi, unataka chuma uchi. Mama Rosaline naye akasema ati basi hata magari siku hizi yanavuliwa nguo mbele ya wakwe.

Karibu kabisa na betri Kevin akaweka fyuzi. Ni kijiti cha kioo chenye vichwa vya chuma, kinaingia ndani ya kifuko cha plastiki unachofungua kwa kuzungusha. Nikamwuliza hiyo ni ya nini. Akasema waya ikiumia mahali popote, fyuzi inakufa yenyewe kwanza, ili gari isishike moto. Akamwambia Gathii, na mimi nikiwa hapo na birika mkononi, muziki ukikatika ghafla mtu asiguse kitu, aitwe yeye.

Jioni ya tatu akawasha. Dada! Ni kama mtu amekupiga kifuani kutoka ndani. Mabati ya jikoni yalitetemeka. Shosho Nyaguthii alisema lile sikio lake la kushoto, ambalo lilikufa zamani, limesikia leo. Mama Rosaline alilalamika kuku wake hawatataga tena mpaka Pasaka. Gathii alizunguka hiyo gari mara nne, halafu akamshika Kevin mkono akamwita mwanangu. Nilimwangalia mtoto wangu, nikatamani baba yake angekuwa hai aone.

Siku ya harusi mimi niliwekwa kwa ile Probox ya mbele, ati kwa sababu najua desturi za upande wa kijana na nitaongoza nyimbo za kuingia. Gathii anaendesha, Shosho amekaa mbele, mimi na mama wawili wa kanisa nyuma, na buti imejaa kreti za soda na vyakula. Kevin alikuwa gari ya pili. Kuna kitu cha asubuhi hiyo nimekiruka, nitakirudia, usinihukumu bado.

Tulitoka muziki ukilia, watu wamesimama barabarani wanatupungia. Tulipopita matuta ya karibu na Kamukuywa, Shosho akasema miguu yake inahisi joto. Gathii akacheka, akamwambia Mami, hiyo ni furaha inapanda kutoka chini. Hatukwenda mbali. Moshi mweusi ukatoka chini ya kapeti, upande wake, na harufu ya plastiki ikatushika koo. Gathii akasimamisha gari. Moto ulishika kutoka mbele mpaka nyuma kama mtu amemwaga mafuta kwa mstari. Niliruka nje, nikafungua mlango wa Shosho, nikamvuta, lakini kiatu chake kilikuwa kimeyeyuka na kushikana na kapeti, na nikamvuta hivyohivyo. Alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo nikiosha vyombo.

Hakuna aliyekufa. Gari iliungua yote, ikabaki mifupa. Shosho aliungua mguu wa kulia kutoka kwa vidole mpaka juu ya kifundo, akapelekwa hospitali. Rosaline alifunga ndoa yake saa tisa badala ya saa nne, na picha zote za hiyo harusi watu wamevimba macho.

Na mimi, dada, nikawa shujaa. Jumapili iliyofuata nilisimamishwa mbele ya kanisa nikapigiwa makofi. Gathii alisema nimemzaa mama yake mara ya pili. Nilisimama hapo nikaangalia viatu vyangu.

Wiki mbili baadaye Gathii alituita kwake, sisi na wazee wawili wa kanisa. Hakuja na hasira. Alisema gari ni chuma na hataki mtu amlipe. Anataka kitu kimoja tu, Kevin asimame mbele ya mama yake aseme nimekosa, halafu tunywe chai iishe. Kila mtu akapumua. Lakini Kevin alikataa. Alisema anamwonea Shosho huruma mpaka hawezi kulala, lakini hawezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Akatoa mfukoni kile kijiti cha kioo, alikichokoa kutoka kwa mabaki ya gari. Kilikuwa kimezungushiwa kitu cha kung'aa kilichoungua, kimegandia juu yake. Akasema angalieni, fyuzi ilikufa vizuri vile inatakiwa, lakini mtu aliifunga na kitu ndio umeme uendelee kupita, na huyo mtu ndiye amechoma Shosho. Mjomba mmoja wa Rosaline akamcheka, akamwuliza huyo mtu ni jini la kuingia ndani ya boneti ama ni nani. Kevin akajibu ni Kabiru, kwa sababu ni Kabiru peke yake anajua waya, na alinuna kwa kukosa hiyo kazi.

Hapo maneno yakaharibika. Kabiru ni kijana wa upande wao. Huyo mjomba akasema sasa hawa watu wanataka kutuchoma na kutusingizia juu yake. Umesikia hiyo, dada? Hawa watu. Miaka hii yote hilo neno lilikuwa halijasemwa ndani ya nyumba ya Gathii tukiwa tumekaa.

Niliogopa. Nikasimama, mimi mama yake, nikamwambia Kevin mbele ya wote apige magoti aombe msamaha, aache kiburi, baba yake hakumlea hivyo. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Akaweka kile kijiti juu ya meza, akatoka, na kesho yake asubuhi akapanda gari kuja kwenu. Vifaa vyake vyote aliviacha chini ya kitanda.

Wiki jana Kabiru alikuja kwangu. Dada, huyo kijana amekonda. Wateja wamemkimbia, wanamwita fundi wa kuchoma, na kibanda amekifunga. Alikaa jikoni kwangu akanieleza polepole, kama vile Kevin alikuwa ananieleza, ati pengine kreti za soda zilikandamiza ile waya nyekundu kule nyuma mpaka ikakatika ngozi, ndio fyuzi ikafa. Ingebaki imekufa, tungefika Bungoma bila muziki, na hiyo tu ndiyo ingekuwa hasara. Akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hakugusa hiyo gari. Akaniomba mimi nimpigie Kevin nimwambie. Nilimpa chai, nikageuka kuosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Dada, Kabiru hakugusa hiyo gari. Ni mimi.

Hiki ndicho kitu nilichokiruka. Asubuhi ya harusi, kama saa moja, gari ilikuwa imepakiwa na muziki unalia, wageni wamejaa uani kwa Gathii, na Kevin amerudi kwetu kuoga na kuvaa suti. Ghafla muziki ukakatika. Wanawake waliokuwa wanacheza wakasimama mguu juu. Yule mjomba akasema kwa sauti ati mashine ya Kevin imekata roho kabla ya bibi harusi kutoka nyumbani, hii ndiyo kazi ya mafundi wa bure. Watu wakacheka. Mama Rosaline pia alicheka, si kwa ubaya, lakini niliumia. Nilimpigia Kevin simu, ikalia bila kushikwa. Kumbe aliiacha kitandani akiwa bafuni.

Ningetembea mpaka nyumbani. Ni hatua mia moja, dada, hata hazifiki. Lakini niliona nikienda kumwita atarudi mbio na sabuni kichwani, watu wamcheke tena zaidi. Nikasema mimi nimetazama hii kazi siku tatu, naijua. Nikamwambia Gathii afungue boneti niweke maji, na yeye alikuwa anakimbizana na mambo yake, akafungua akaenda. Nilizungusha kile kifuko, nikatoa fyuzi, nikaona ndani ya kioo pameungua peusi.

Na hapo nikafanya vile Baba Kevin alikuwa anafanya maisha yake yote. Wewe mwenyewe ulimwona. Alipokuwa dereva wa trekta kule Tongaren, fyuzi ikiungua alikuwa anaifunga na karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, na trekta inaenda. Hapa nyumbani stima ikikatika alikuwa anafanya hivyo kwa swichi, taa zinawaka, tunamsifu. Miaka ishirini hakuna kitu kilitupata. Kwa hivyo nilienda kwa meza ya wapishi nikakata kipande cha ile karatasi ya silva ya kufungia chapati, nikaikunja mara nyingi ikawa nene, nikazungushia fyuzi, nikaingiza, nikafunga. Muziki ukarudi hapohapo. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikafunga boneti nikajipangusa mikono na leso, nikasikia raha kama nimepika chakula kikatosha watu wote. Watu walidhani mashine imejirudia yenyewe, na Gathii kwa haraka zake hakuikumbuka tena hiyo boneti. Kevin alipokuja amevaa suti yake sikumwambia. Nilitaka hiyo siku iwe yake bila doa.

Kwa hivyo Kamukuywa niliposikia ile harufu, mimi peke yangu ndani ya hiyo gari nilijua. Nilimvuta Shosho nikijua. Nilipigiwa makofi kanisani nikijua. Na nilipomwambia mtoto wangu apige magoti, kile kijiti kilikuwa mkononi mwake, na niliona karatasi yangu juu yake, na bado nilimwambia. Nilifikiri akiomba msamaha mara moja tu, kwa dakika moja, yote yataisha na hakuna mtu atajua. Nilimwomba abebe yangu bila kumwambia ni yangu.

Sina la kujitetea. Niliogopa Gathii, niliogopa hilo neno la hawa watu, niliogopa Pauline, lakini zaidi niliogopa Kevin mwenyewe. Yeye alinieleza fyuzi ni ya nini, kwa mdomo wake, mimi nikiwa na birika. Nilisikia, lakini nikamwamini marehemu.

Jumapili hii kuna maombi kwa Gathii. Mguu wa Shosho umekataa kukauka, daktari amesema Jumatatu ijayo wataangalia kama watakata vidole viwili. Gathii alikuja Ijumaa akaniambia anamngoja Kevin kwa mara ya mwisho. Asipokuja, ataziba kile kimlango cha ua, si kwa ubaya, ila mama yake hawezi kuendelea kuona mlango ambao hakuna mtu anaupitia. Nimeamua nitasimama hapo mbele ya Shosho niseme vile nimekuandikia wewe, kila kitu, na Kabiru nimemwomba awepo. Sijui watanifanya nini. Wakisema nisikanyage kwao tena, watakuwa wamesema haki.

Lakini Kevin sitaki aisikie kwa watu. Nataka aisikie kwangu. Kwa hivyo dada, hii barua ukimaliza kuisoma mpe yeye mwenyewe, yote, usimsomee na usimfupishie, na usinisaidie kwa kupunguza kitu. Simwambii arudi. Simwambii aje Jumapili. Akitaka kubaki na miwa, abaki. Vifaa vyake nimevipaka mafuta visishike kutu, nimevifunga, na akivitaka nitavituma popote atakaposema.

Jeruto analala huko mpaka Jumatano, na Alhamisi asubuhi anarudi. Nakuomba, dada yangu wa tumbo moja, usimwache arudi mikono mitupu. Usingoje Kevin atulie ndipo uniandikie, na usitengeneze maneno yake yawe mazuri. Kama amenitukana, andika matusi vile yalivyotoka. Kama amenyamaza, andika amenyamaza kwa muda gani. Niletee haraka, kabla ya Jumapili, nijue nasimama pale kama mama ya nani.

Ni mimi mdogo wako,
Namalwa, Mama Kevin.